KIPIMO NACHO KINA MPAKA WAKE

Bwana Mhariri,

Naandika habari ya jambo lililonisumbua tangu muhula uliopita. Wasomaji wengi watakumbuka kwamba jioni moja chama chetu cha majadiliano kilikuwa na hoja hii: "Kisichoweza kupimwa hakipo." Mimi nilichaguliwa kuwa msemaji wa kwanza wa upande uliounga mkono hoja. Nilisema kwa nguvu sana. Nilitaja homa inayopimwa kwa kipimajoto, umeme unaopimwa kwa mita, na nyota ambazo wataalamu wamejua umbali wake ingawa hakuna mtu aliyefika huko. Nilimtaja hata yule mwanasayansi aliyejulikana baadaye kwa jina la Lord Kelvin, ambaye mwaka 1883 alifundisha mjini London kwamba maarifa yasiyoweza kutiwa katika hesabu ni maarifa haba. Wenzangu wakapiga makofi, na kura zilipohesabiwa upande wetu ukashinda. Leo nataka kuungama mbele yenu kwamba nilishinda na huku nimekosea.

Aliyenionyesha kosa langu hakuwa mwalimu. Alikuwa mwenzangu mmoja wa darasani, ambaye siku ile hakusema neno lo lote ukumbini. Tulipokuwa tukirudi bwenini alinivuta kando akaniambia kwa sauti ndogo: "Ndugu yangu, baada ya mafuriko watu walikuja kwetu na daftari. Waliandika mabati mangapi, mbuzi wangapi, magunia mangapi ya viazi. Kisha wakaandika waliokufa: mmoja. Huyo mmoja ni baba yangu. Sasa nieleze wewe uliyesema vizuri. Je, hiyo 'mmoja' ndiyo kipimo cha baba yangu? Na kilichobaki nje ya daftari, hakipo?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia usiku mwema, nikaenda kulala, lakini usingizi haukuja.

Kwa wasomaji wasiotoka upande huu, yafaa nieleze. Kanama ni nchi ya vilima katika wilaya ya Rubavu, si mbali na mji wa Gisenyi na Ziwa Kivu. Soko letu ni Mahoko, na karibu nalo unapita mto Sebeya, ambao hushuka kutoka milimani na kwenda kumwaga maji yake ziwani. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda. Sebeya ukavunja kingo zake, milima ikaporomoka, na kwa jumla watu zaidi ya 130 walifariki nchini. Basi mwenzangu alikuwa akisema habari ya usiku huo.

Swali lake lilinifukuza mpaka maktabani. Mwalimu wetu wa dini, ambaye ni padre, aliponiona nikihangaika alinipa kitabu kikubwa cha fikira za watu wa Bara Hindi. Akaniambia, "Soma, mwanangu. Watu hawa waliuliza swali lako zamani sana, nao hawakupatana." Nilikisoma pamoja na vitabu vyangu vya fizikia, na haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata.

Lakini kwanza mtu asinielewe vibaya. Sikuja hapa kutukana kipimo. Mtoto wa maskini hawezi kukitukana kipimo, maana ndicho silaha yake. Mama yangu huuza maharage sokoni Mahoko. Katika masoko yetu watu wengi wamezoea kuuza nafaka kwa kopo, ambalo huku kwetu huitwa mironko. Siku moja mama alinunua maharage kwa mchuuzi mmoja, makopo kumi, akaona gunia jepesi. Alipoyapima upya kwa kopo lake mwenyewe yakawa makopo tisa na kidogo. Kumbe kitako cha kopo la yule bwana kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, na kila kopo lilipungua konzi nzima. Mama alibishana naye kwa maneno hata akachoka, kwa kuwa yule bwana alikuwa hodari wa maneno. Kilichomshinda hakikuwa maneno. Kilikuwa ni kopo la pili, lililowekwa karibu na lile la kwanza mbele ya watu. Wazee wetu husema, haba na haba hujaza kibaba. Nami naongeza kwamba methali hiyo ni ya kweli kama kibaba chenyewe hakikugongwa kitako.

Tena tazameni mvua. Wanafunzi wa jiografia wanajua kwamba mvua ya milimita moja maana yake ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Ni maji machache, ya kunawia uso tu. Lakini mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba, huko kumeanguka maji ya tani 50,000, nayo yote yatafuta njia ya kushuka. Milima inayomwagia maji Sebeya si kilomita moja ya mraba, ni nyingi. Mtu aliyeifanya hesabu hiyo jioni ataondoa watoto wake kando ya mto kabla ya usiku. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba kupima ni kazi ya wazungu wa ofisini, au kwamba ni ukosefu wa imani, huyo hajauona Sebeya ukipanda gizani. Kipimo chaweza kuokoa roho za watu.

Basi kosa langu lilikuwa wapi? Hapa ndipo wale watu wa Bara Hindi waliponisaidia.

Labda mtu atasema, "Mambo ya Wahindu na Wabuddha yana haja gani kwa watu wa Kanama?" Yana haja, na tena si mageni kama tunavyodhani. Kila tunaposema 'laki moja' tunatumia hesabu ya Bara Hindi, kwa maana neno hilo limetoka huko pamoja na wafanya biashara. Pwani, wauza dhahabu walipima kwa tola, ambayo ni mizani ya Kihindi. Mahekalu ya Wahindu yako Mombasa na Zanzibar, na mjini Dar es Salaam liko hekalu la Kibuddha lililoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na watu waliotoka Ceylon, ambayo leo huitwa Sri Lanka. Mizani yao tuliipokea zamani. Fikira zao juu ya mizani hatukuziuliza.

Katika Kisanskriti, lugha ya kale ya wataalamu wa Kihindu, liko neno pramana. Shina lake lina maana ya kupima. Lakini neno hilo halina maana ya kopo wala rula peke yake. Maana yake kubwa ni njia ya haki ya kupata kujua jambo. Kwao, kujua ni kupima, na kila asemaye "najua" ni lazima aonyeshe ametumia kipimo gani. Chuo kimoja cha wataalamu hao, kiitwacho Nyaya, kilihesabu vipimo vinne. Cha kwanza ni kuona kwa macho au kusikia kwa masikio, yaani milango ya fahamu. Cha pili ni kukata shauri kwa dalili. Cha tatu ni kulinganisha. Cha nne ni neno la mtu mwaminifu anayelijua jambo lenyewe.

Mfano wao mashuhuri wa kipimo cha pili ni huu: ukiona moshi mlimani, wajua mlimani kuna moto, ingawa moto wenyewe hukuuona. Nilipousoma mfano huo nilicheka peke yangu maktabani, kwa sababu nadhani hakuna watu duniani wanaouelewa kuliko sisi. Mlima wetu ni Nyiragongo, ulio upande wa pili wa mpaka, nasi huutazama moshi wake mchana na wekundu wake usiku. Lakini mlima huo umetufundisha na jambo la pili. Moshi ulikuwako siku zote, na hata hivyo tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka ghafula mpaka kando ya Goma, na ardhi ikatetemeka siku nyingi, nyumba za Gisenyi zikapasuka. Moshi ulituambia kwamba moto upo. Haukutuambia utashuka lini. Dalili ni kipimo cha haki, lakini hupima kile inachopima, basi.

Sasa nikairudia hoja niliyoitetea. "Kisichoweza kupimwa hakipo." Nikajiuliza, kama Mhindu wa Nyaya angesimama ukumbini siku ile, angeniuliza nini? Hapana shaka angeniuliza, "Kijana, hoja hii yenyewe umeijua kwa kipimo gani?" Kwa macho? La, hapana mtu aliyekiona kitu kisichokuwapo. Kwa dalili? Dalili ipi? Kwa mizani? Hoja yangu ilikuwa na uzito wa kilo ngapi, na urefu wa mita ngapi? Kama kisichopimwa kwa rula hakipo, basi na hoja yangu haipo, maana rula haikuigusa. Nilishangaa sana kwamba watu wote tuliokuwa ukumbini, na mimi wa kwanza, hatukuliona jambo jepesi kama hilo. Tulipiga makofi tu.

Nikaendelea mpaka kwa Wabuddha. Hao nao walikuwa watu wa hoja kali, tena walibishana na Wahindu kwa muda wa karne nyingi. Mtaalamu wao Dignaga, aliyeishi yapata miaka 1,500 iliyopita, alivipunguza vipimo vya elimu vikawa viwili tu: kuona, na kukata shauri kwa dalili. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba Wabuddha ni watu wa ndoto wasiopenda hesabu. Lakini pamoja na ukali huo, waliona kwamba yako mambo ambayo ukiyatia katika kibaba umekwisha kuyaharibu.

Inasimuliwa kwamba Buddha alisema maji ya bahari kuu si rahisi kuyahesabu kwa vibaba, kusema ni vibaba kadha wa kadha. Husemwa tu kwamba ni mengi yasiyo na kipimo. Hapo mimi nilitaka kubisha. Siku hizi bahari imepimwa! Hata Ziwa Kivu letu kina chake kimepimwa, nacho chapita mita 470, na gesi iliyolala chini yake imepimwa vile vile. Je, mfano wa Buddha umekufa? Nilidhani hivyo mpaka niliposoma habari ya mambo manne ambayo Wabuddha huyaita 'yasiyo na kipimo'. Nayo ni upendo, na huruma, na kuifurahia heri ya mwenzako, na utulivu wa moyo usiopendelea. Hayakuitwa hivyo kwa kuwa ni makubwa kama bahari. Yameitwa hivyo kwa kuwa mtu anafundishwa asiyawekee mpaka. Asiseme, "Nitawahurumia watu wa mlima huu, mpaka kwenye daraja, hapo nakoma." Kupima ni kuweka mpaka: hapa kopo limejaa, hapa shamba langu limekwisha. Ni kazi njema kwa maharage na kwa mashamba. Lakini huruma iliyowekewa mpaka ni biashara.

Tena Buddha alitoa mfano wa bonge la chumvi. Litie bonge moja katika kikombe cha maji, maji hayanyweki. Litie bonge lile lile katika mto mkubwa wa Ganges, hakuna atakayeonja chumvi. Yeye alitaka kufundisha habari ya matendo mabaya ya watu, ya kwamba kosa lile lile dogo humwangamiza mtu mwenye moyo mdogo, wala halimwangamizi mtu mwenye moyo mpana. Lakini mimi nilijifunza humo habari ya kipimo pia. Chumvi ni ile ile na uzito ni ule ule. Chombo ndicho kilichobadilika. Wasomaji, tafadhali uwekeni mfano huu akilini, maana nitaurudia.

Tazameni sasa jinsi watu hawa walivyoupima umri wa dunia. Wahindu walitaja namba: siku moja ya Brahma, ambaye kwao ni mwumbaji, ni miaka 4,320,000,000. Buddha, alipoulizwa urefu wa zama moja, hakutaja namba. Alisema, fikirini mlima wa mwamba, na mtu mmoja anakuja kila baada ya miaka 100 kuupangusa mara moja kwa kitambaa laini. Mlima utakwisha kabla ya zama hiyo kwisha. Na sayansi je? Mwaka 1956 Mmarekani Clair Patterson, kwa kupima risasi iliyo ndani ya mawe yaliyoanguka kutoka mbinguni, alisema dunia ina umri wa miaka milioni 4,550. Kisha akaongeza: labda imezidi, au imepungua, kwa miaka milioni 70.

Wako watu ambao huruka kwa furaha wakiona namba ya Wahindu imekaribia namba ya sayansi, wakasema dini imekwisha kuthibitishwa. Mimi sikubaliani nao. Namba mbili zaweza kukutana njiani pasipo kuwa ndugu. Lililonigusa ni yale maneno ya mwisho ya Patterson, "imezidi au imepungua." Hayo ndiyo maungamo ya sayansi. Mpimaji mwaminifu hatoi namba tu. Hueleza pia yeye mwenyewe aweza kukosa kwa kiasi gani. Katika mjadala wetu mimi nilizitaja namba za sayansi, lakini adabu yake nikaiacha nyumbani.

Na ushahidi mkubwa kuliko wote ni kilo yenyewe. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia nzima ilikuwa ni kipande kimoja cha madini ya platinamu na iridiamu, kilichofungiwa karibu na Paris. Nakala zake zilipelekwa katika nchi nyingi. Baada ya miaka kama 100 zilipolinganishwa nacho, zikaonekana zimetofautiana nacho kwa kiasi cha mikrogramu 50, uzito wa punje ndogo sana ya mchanga. Ni nini kilichobadilika, nakala au kile kipande? Hakuna aliyeweza kusema, kwa sababu kwa sheria kile kipande ndicho kilo. Hata kingekatwa nusu, kingekuwa kilo bado! Yaani kipimo cha vipimo vyote chenyewe hakikuwa na wa kukipima. Ndipo tarehe 16 Novemba 2018 wajumbe wa mataifa walikutana Versailles, Ufaransa, wakakata shauri kwamba kilo isitegemee kipande cha madini tena, bali itegemee namba moja ya fizikia isiyobadilika, iitwayo namba ya Planck. Sheria hiyo ilianza tarehe 20 Mei 2019. Hata hivyo namba hiyo nayo watu ndio waliopatana juu yake. Mwanzo wa kila kipimo ni mapatano ya watu wanaoaminiana, na uaminifu huo haukupimwa kwanza kwa kilo.

Nafika sasa mahali pagumu, lakini siwezi kuparuka, kwa kuwa naandika nikiwa Rwanda. Nchi yetu yajua kinachotokea kipimo kinapovuka mpaka wake. Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Mtawala mmoja wa Kijerumani, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, ulipita nchi hii, na pamoja naye alikuwako mtaalamu Jan Czekanowski, aliyepima vichwa na miili ya watu. Baadaye, wakati wa Wabelgiji, walikuja wengine wakapima kimo, pua na mafuvu, na namba zao zikachapwa katika vitabu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwapa watu vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Sisemi kwamba rula ya pua peke yake ndiyo iliyoandika vile vitambulisho. Lakini vipimo vile viliuvika uwongo kanzu ya elimu, watu wakaona kwamba mpaka kati ya jirani na jirani ni kitu cha maumbile, kinachoonekana kwa milimita. Neno lile lilikaa katika vitambulisho hata mwaka 1994, na katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi neno hilo moja penye kizuizi cha barabara lilitosha kumwua mtu. Leo vitambulisho vyetu havina neno hilo.

Fikirini vizuri, ndugu zangu, kosa lilikuwa la namna gani. Yawezekana ile namba ya urefu wa pua ilikuwa sahihi kabisa, hata kwa milimita. Chombo hakikugongwa kitako kama kopo la yule mchuuzi. Kosa lilikuwa ni kupima pua na kusema tumempima mtu. Mhindu wa Nyaya angeuliza, "Mmekata shauri kwa dalili gani, ya kwamba pua ndefu ni moyo fulani?" Nao wangekosa jibu. Mbuddha angesema, "Mmeweka mpaka mahali ambapo huruma haikupaswa kuwa na mpaka." Na mwanasayansi mwaminifu angesema, "Hamkueleza mwaweza kukosa kwa kiasi gani." Watu watatu wa shule mbalimbali, na wote wangewakemea kwa jambo moja.

Labda msomaji mmoja atanijibu, "Ngoja kidogo. Siku moja wataalamu wataweza kuupima hata upendo, kwa mashine inayoonyesha damu ikitembea kichwani." Yawezekana. Nami nitaifurahia mashine hiyo ikiponya wagonjwa. Lakini itakuwa imepima damu. Tukisahau na kusema imempima mama anayempenda mtoto wake, tumerudi kwenye pua.

Na jambo hili haliko katika historia tu. Liko hata shuleni petu. Sisi wa mwaka wa sita tunangojea mtihani wa taifa, na kila mmoja atapewa alama. Mimi nataka alama nzuri, sifichi. Alama ni kopo la haki, humzuia mwenye mjomba mkubwa asipite mbele ya mtoto wa mkulima. Lakini nimemwona mwanafunzi akipata alama mbaya za hesabu, kisha akakaa mwezi mzima kama mtu aliyeambiwa kwamba hayupo. Huyo alipimwa hesabu, akadhani amepimwa yeye. Nani aliyemfundisha hivyo? Ni sisi, tuliopiga makofi siku ile.

Basi, Bwana Mhariri, shauri langu ni fupi. Tupime kila kinachopimika, tena tukipime vizuri: maharage, mvua, mto, homa, fedha za chama. Mtu akituletea namba, tumwulize ameipata kwa kipimo gani na aweza kukosa kiasi gani. Na baada ya kupima, tukumbuke tulichokipima ni nini, tusikipe jina la kitu kingine. Na ile hoja yetu, kama chama kitakubali, naomba ijadiliwe tena muhula ujao. Safari hii nitasimama upande wa pili, hata kama nitashindwa.

Imebaki kumjibu mwenzangu, naye najua atasoma ukurasa huu. Ndugu yangu, wale watu wa daftari hawakukosa kuandika 'mmoja'. Bila namba hiyo pasingeletwa mahindi, wala mablanketi, wala mtu asingejua ukubwa wa msiba wa nchi. Lakini kumbuka ile chumvi. Katika hesabu ya taifa la watu zaidi ya milioni 13, 'mmoja' ni bonge la chumvi lililotupwa katika Ziwa Kivu. Katika nyumba yenu, 'mmoja' ni bonge lile lile ndani ya kikombe, nanyi ndinyi mnaoyanywa maji hayo kila siku. Namba haikusema uwongo. Ilinyamaza tu mahali pake pa kunyamaza. Aliyesema uwongo ni mimi, niliyesimama ukumbini nikatangaza kwamba namba inaponyamaza hakuna kitu tena. Naomba unisamehe.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita,
Kanama.